Hita ya mafuta ya taa inawaumiza kichwa mama na mtoto: kosa ni utambi au ni hewa?

Mshauri, shikamoo.

Baridi hii tumenunua hita ya mafuta ya taa, ile ya utambi yenye wavu unaong'aa mbele, kilowati 2.3. Inakaa kwenye chumba cha mita 3 kwa 4 ambacho jioni tunakaa wote, na usiku analala mama mkwe wangu pamoja na mwanangu wa miaka 3. Mwanzoni ilikuwa nzuri. Siku hizi moto unawaka mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili, ncha zake ni za njano, na ukutani juu ya hita kumeingia masizi. Asubuhi vioo vya madirisha vinachuruzika maji. Mtoto anaamka amelegea, mama analalamika kichwa na kichefuchefu, lakini wakishatoka nje kuota jua wanakuwa wazima. Nilidhani ni harufu ya mafuta. Nyufa za dirisha nimeziziba kwa nguo ili joto lisipotee, na usiku tunashusha utambi hadi chini kabisa, tunaiacha iwake polepole mpaka asubuhi.

Mafuta tunayaweka kwenye dumu lililowahi kuwa na petroli, ila nililisuuza. Mume wangu huongeza mafuta hita ikiwa inawaka ili isizimike. Shemeji anasema tuiuze tununue ya gesi. Jirani anasema jiko la mkaa likishashika vizuri halina moshi, tuliingize tu ndani. Tumsikilize nani?

Mkwe mwenye wasiwasi

*

Marahaba, mwanangu.

Hita hiyo isiwashwe leo, na nguo za dirishani zitoe sasa hivi. Mama na mtoto wapeleke hospitali leo hii hata kama wanaonekana wazima. Mweleze daktari waziwazi kwamba wamelala na hita ya mafuta chumba kikiwa kimefungwa, imewaka tangu saa ngapi, na wametoka nje saa ngapi. Omba wapimwe damu kutafuta kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto uliokosa hewa ya kutosha. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hakitoshi hapa, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliyeathirika. Saa ninazokuambia uzitaje zina kazi yake pia. Mtu akipumua hewa safi ya kawaida, kiwango cha sumu kwenye damu hupungua nusu katika muda wa saa 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo kipimo cha mchana kitaonyesha kidogo kuliko walichovuta usiku. Na kama kuna mjamzito nyumbani, naye aende, hata kama hajisikii vibaya.

Jibu la swali lako kubwa umeliandika mwenyewe: kichwa, kichefuchefu, kulegea, halafu nafuu wakitoka nje. Mafua hayapoi kwa kutoka nje. Harufu unayoilaumu ni ya mafuta ambayo hayakuungua vizuri, nayo inakera, lakini kinachowaumiza wagonjwa wako hakina harufu. Kaboni monoksaidi haina rangi, hainuki, haiwashi macho wala koo. Ikiingia mapafuni hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa oksijeni huku mtu anapumua kama kawaida. Aliyelala hashtuki. Anazidi kusinzia tu.

Hapo hapo nimjibu jirani, kwa heshima zote. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, kweli. Lakini moshi na kaboni monoksaidi ni vitu viwili. Kaa jekundu lisilo na moshi ndilo linalotoa sumu hiyo kwa wingi, na hakuna dirisha la chumba cha kulala linalotosha kuiondoa. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata la kupasha chumba dakika chache kabla ya kulala.

Sasa turudi kwenye hita. Kilowati 2.3 ni karibu lita 0.23 za mafuta kwa saa. Kuunguza kiasi hicho kunamaliza oksijeni iliyomo kwenye takriban mita za ujazo 2.3 za hewa kila saa. Chumba chako, kama dari iko kwenye mita 2.5, kina mita za ujazo 30. Ukikiziba kwa nguo na hita ikawaka saa 4, umeshatumia oksijeni ya karibu theluthi ya chumba, na watu nao wanapumua humo humo. Moto uliokosa oksijeni hauunguzi mafuta mpaka mwisho. Badala ya kutoa hewa ukaa na mvuke wa maji tu, unaanza kutoa kaboni monoksaidi na masizi. Maji ya vioo vyako nayo yanatoka hapo: kila lita 1 ya mafuta ya taa ikiungua hutoa lita 1 na kidogo ya maji, yote kama mvuke. Ukiona vioo vinachuruzika, jua hewa ya chumba haibadiliki, na popote ulipobaki mvuke, gesi nyingine zimebaki nao.

Watu huziba madirisha wakiogopa kupoteza joto, na hofu hiyo ni kubwa kuliko hasara yenyewe. Kubadilisha hewa yote ya chumba chako mara 1 kwa saa, nje kukiwa na baridi ya nyuzi 10 zaidi kuliko ndani, kunakula kilowati 0.1. Ukiibadilisha mara 3 ni kilowati 0.3 kati ya 2.3 ulizonazo. Zinabaki 2. Kwa hiyo kila hita inapowaka, dirisha liwe wazi angalau sentimita 2.5 na mlango wa kuingia vyumba vingine uwe wazi. Usilifungue dirisha lililo karibu kabisa na hita, maana upepo utaupinda moto. Fungua la mbali. Kama dirisha ni moja, sogeza hita.

Nunua pia kengele ya kaboni monoksaidi. Usiichanganye na kengele ya moshi, kazi zao ni tofauti. Iweke chumba wanacholala watu, usawa wa kichwa cha aliyelala, umbali wa mita 1 hadi 3 kutoka kwenye hita; gesi hii ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa, inachanganyika chumbani kote, kwa hiyo usisumbuke kuitundika darini. Usiifiche nyuma ya pazia. Ifahamu vizuri, lakini: kengele ya kiwango cha Ulaya cha EN 50291 italia baada ya dakika 60 hadi 90 hewa ikiwa na sehemu 50 kwa milioni, dakika 10 hadi 40 ikiwa na 100, na ndani ya dakika 3 ikifika 300. Imetengenezwa kuokoa maisha, na kimya chake hakina maana kwamba sumu ni sifuri. Mtoto mdogo, mzee na mwenye ugonjwa wa moyo wanaweza kuumwa kabla haijalia. Kitufe cha kujaribia kinapima betri na mlio tu; kihisi cha ndani huzeeka, na tarehe ya kukibadilisha imeandikwa nyuma ya kifaa.

Moto wako wa upande mmoja una sababu chache, na nyingi utazikuta mwenyewe. Zima hita, iache ipoe kabisa, itoe nje, toa betri za kuwashia. Iweke mahali tambarare. Hita iliyoinama kidogo tu mafuta yake hupanda utambi bila usawa. Fungua wavu wa mbele na unyanyue kichomeo, ile silinda ya chuma na kioo inayokaa juu ya utambi. Mara nyingi kosa ni kwamba haikukaa sawasawa kwenye kiti chake. Ukiirudisha, shika mkono wake wa waya uuzungushe kushoto na kulia kidogo mara mbili tatu. Ikiteleza kwa urahisi bila kukwaruza imekaa, ikigoma iko juu ya utambi. Fanya hivyo pia kila unapowasha, kabla chuma hakijapata moto.

Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa utambi. Unatakiwa uwe laini na wenye kimo kimoja pande zote. Ukikuta ukingo mgumu, mweusi, wenye gamba, hiyo ni lami ya mafuta machafu au ya kuwaka kwa kushushwa. Gamba hilo lina madhara mawili. Linazuia mafuta kupanda, ndiyo maana upande mmoja unawaka mfupi. La pili ni baya zaidi: linaunasisha utambi, ukibonyeza kitufe cha kuzimia haushuki, na hita iliyopigwa kumbo haijizimi. Hita ikiwa imezimwa na imepoa, pandisha utambi kama unavyofanya ukitaka kuwasha, halafu itikise kwa nguvu. Utambi lazima udondoke chini palepale. Ukibaki juu au ukishuka kwa kusitasita, hita hiyo haifai kuwashwa mpaka irekebishwe. Jaribio hili lifanye kila wiki.

Jinsi ya kuusafisha inategemea umetengenezwa kwa nini. Wa nyuzi za kioo huunguzwa mkavu: nje ya nyumba, mafuta yakiwa yamebaki kidogo, washa hita uiache iwake mpaka iishiwe mafuta na izimike yenyewe, kisha ipoe na usugue majivu taratibu kwa mswaki wa zamani. Usiukate kwa mkasi. Wa pamba ni kinyume chake, haustahimili kuunguzwa mkavu; huo hukatwa ukingo ukanyooshwa. Kitabu cha maelezo kinasema wako ni upi, na kinasema utambi utokeze milimita ngapi juu ya kiti. Fuata namba hiyo, usikisie. Ukiweka utambi mpya, uache ndani ya mafuta angalau dakika 30, ikiwezekana saa nzima, ndipo uuwashe. Ukiwashwa mkavu unaungua wenyewe na umeharibika siku hiyo hiyo.

Ukishawasha, usiondoke. Moto hubadilika dakika 5 hadi 10 za mwanzo, na unatakiwa uurekebishe, halafu uutazame tena baada ya dakika 20. Kwenye hita ya aina yako, wavu wa ndani ung'ae rangi ya chungwa kwa usawa kuzunguka pande zote, na ndimi za moto zisiruke juu ya kichomeo. Zikiruka, utambi umepanda mno, na masizi ya ukutani ni matokeo yake.

Na sasa hili la kuushusha usiku. Nakuomba unisikilize vizuri, maana nyumba nyingi hufanya hivyo kwa nia njema. Hita ya utambi imepangwa iwake kwa kimo fulani tu. Katika kimo hicho kichomeo kinapata joto la kutosha na hewa inapita kwenye matundu yake kwa kasi inayotakiwa. Ukiushusha chini ya hapo, kichomeo kinapoa, mvuke wa mafuta unapita bila kuungua wote, na kila saa inayopita unapata harufu zaidi, lami zaidi na kaboni monoksaidi zaidi. Ni kweli unatumia mafuta machache, lakini yanaungua vibaya. Hakuna kimo cha utambi kinachofaa kwa kulala. Hita ya kubebeka isiyo na bomba la kutoa moshi nje huzimwa watu wakiwa bado macho, na chumba kipewe hewa dakika kadhaa kabla ya kulala. Pasha chumba mapema, zima, kisha mama na mtoto walale na blanketi za kutosha na nguo nzito. Kama usiku lazima pawe na joto, litafutwe la umeme, au la jiko lenye bomba linalotoka nje.

Dumu la petroli achana nalo kabisa, kusuuza hakutoshi. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike nyuzi joto 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kiasi kidogo kilichobaki kwenye kuta za dumu kinatosha kushusha kiwango hicho, na tanki la hita hupata joto. Moto unaweza kufumka hadi nje ya kichomeo, na ukifika hapo kuushusha utambi hakusaidii. Mafuta yaliyomo sasa usiyatumie, na usiyamwage kwenye mtaro. Yapeleke panapopokelewa mafuta machafu. Osha tanki kwa mafuta safi kidogo kabla ya kulijaza upya. Nunua dumu jipya, liandike jina, lisiwahi kubeba kitu kingine. Yale ya kununua yatie kwenye chupa nyeupe ya kioo uyaangalie kwenye mwanga: yawe meupe kama maji. Yenye unjano yamezeeka au ni machafu, ndiyo yanayotengeneza lami. Yaache yatulie, ukiona tabaka limejitenga chini, hayo ni maji, nayo hufanya moto urukeruke na kupungua. Dumu likae nje ya vyumba, kivulini, mbali na mtoto, na kamwe usigawe mafuta kwenye chupa za vinywaji. Mtoto akiyanywa usimtapishe, kwa sababu yanayoua ni yale yanayoingia mapafuni wakati wa kutapika. Mkimbize hospitali.

Mumeo mwambie kwamba kuongeza mafuta hita ikiwaka ndilo jambo la hatari kuliko yote anayofanya. Kwanza izimwe. Ipoe angalau dakika 30. Ipelekwe nje, au tanki lake litolewe nje kama ni la kuchomoka, na lijazwe huko. Lisifike ukingoni, aishie kwenye alama ya kipimo, maana mafuta baridi yakiingia chumba chenye joto hutanuka na kufurika. Yaliyomwagika yafutwe, kifuniko kikazwe, tanki lipinduliwe kuangalia kama linavuja ndipo lirudi mahali pake. Kama hofu yenu ni hita kuzimika katikati ya jioni, ijazwe kabla ya kuwashwa.

Hita ikifumka moto, msiibebe kukimbia nayo nje; mafuta yatawamwagikia na moto utawafuata. Bonyeza cha kuzimia kama mkono unafika bila kuungua, toa watu, funga mlango, ita zimamoto. Maji yasimwagwe. Kizimamoto cha unga mkavu ndicho chenyewe, kikae karibu na mlango, si nyuma ya hita. Na pande zote za hita paachwe mita 1 bila pazia, kitanda, nguo za kuanikwa au kochi. Kwa kuwa kuna mtoto, zungushia kizuizi cha chuma.

Shemeji hajakosea kupendekeza gesi, ila amelitatua tatizo jingine. Hita ya gesi haina utambi wala lami, na nyingi zina kihisi kinachofunga gesi oksijeni ya chumba ikishuka hadi karibu asilimia 18, kutoka 21 ya kawaida. Hicho ni kinga nzuri, hita isiyonacho msinunue. Lakini kinapima oksijeni, hakipimi kaboni monoksaidi. Vigae vya kichomeo vikiwa na vumbi au ufa, sumu inatoka huku oksijeni ingali ya kutosha. Mvuke nao upo: kilo 1 ya gesi ya mtungi hutoa karibu kilo 1.6 za maji. Kwa hiyo dirisha bado litafunguliwa, kengele bado itahitajika, na bado itazimwa kabla ya kulala. Mkiendelea kuziba nyufa, mtaumwa kichwa na hita mpya.

Mkiinunua, rigyuleta iwe ya aina ya gesi na ya valvu ya mtungi huo huo, isilazimishwe. Mpira uwe wa gesi, na tarehe iliyochapwa juu yake isiwe imepita. Mtungi usimame wima siku zote. Ukilazwa, gesi ya majimaji inaingia kwenye rigyuleta na moto unatoka mkubwa ghafla. Ukiunganisha, fungua valvu hita ikiwa haijawashwa na upake povu la sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo, kuanzia valvu hadi hita. Povu likivimba, funga valvu, kaza, upake tena. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni na kwenye mashimo, kwa hiyo isiwekwe chumba kilicho chini ya ardhi. Ukisikia harufu yake, funga valvu, fungua milango, usiguse swichi yoyote ya umeme, wala kuwasha wala kuzima, na mtoke nje. Jaribio la povu lirudiwe kila mnapobadilisha mtungi.